Picha ya Kazi Inapoibwa na Biashara Nyingine: Nini Kifanyike, Wapi na kwa Utaratibu Gani

Siku hizi fundi seremala wa Kawajense hamalizi kitanda cha mninga kwa kupaka vanishi tu. Akishafuta vumbi hutoa simu, hukipiga picha pande zote, kisha huituma picha kwenye stetasi ya WhatsApp au ukurasa wa Facebook. Ndivyo afanyavyo pia mshonaji wa Makanyagio, mpika keki wa Majengo, mchomeleaji wa mageti wa Nsemulwa na mfugaji nyuki wa Inyonga anayefungasha asali kwenye chupa zenye nembo. Kwa watu hawa picha ni sawa na kibao cha duka. Mteja aliyeko Sumbawanga, Tabora au Dar es Salaam hawezi kufika Mpanda kugusa mbao. Anachoweza ni kuitazama picha na kuamua kama mikono iliyoifanya kazi hiyo inastahili fedha yake.

Kwa sababu hiyo, mfanyabiashara mwingine anapoichukua picha hiyo, akalikata jina lililoandikwa pembeni na kuweka namba yake ya simu, anachokichukua ni zaidi ya picha. Anaichukua sifa ya mtu na kuitumia kuwavuta wateja ambao hakuwatafuta. Makala haya yanaeleza haki za mkazi aliyefikwa na jambo hilo, na utaratibu unaofaa kufuatwa. Neno utaratibu limetumika kwa makusudi, kwani walio wengi huanza na ugomvi, na ugomvi ukitangulia ushahidi hupotea.

Wizi wa picha una sura zaidi ya moja

Ni vema kutofautisha tangu mwanzo, kwa kuwa dawa ya kila sura ni yake.

Yupo mfanyabiashara halisi, mwenye karakana na leseni, ambaye huweka picha ya kazi ya mwenzake kama sampuli. Huyu anao uwezo wa kutengeneza kitu, ila si kile kinachoonekana. Yupo dalali asiye na karakana wala cherehani, anayekusanya picha za mafundi kumi, anapokea oda kwa bei ya juu, kisha anatafuta fundi wa bei ya chini wa kuifanya. Halafu yupo tapeli, ambaye haja yake ni malipo ya awali tu. Akishayapokea, namba haipatikani tena.

Sura hii ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, na madhara yake huwaangukia watu wawili. Wa kwanza ni mnunuzi aliyepoteza fedha. Wa pili ni fundi mwenye picha, ambaye hakupokea hata shilingi moja. Tuchukue mfano. Mteja wa wilaya ya jirani ametuma kianzio cha kitanda kwa namba aliyoiona chini ya picha. Wiki tatu zinapita, kitanda hakuna. Anaanza kuulizia, anawaonyesha watu ile picha, na mmoja wao anaitambua karakana kwa rangi ya mlango ulio nyuma ya kitanda. Mteja anafika Mpanda na kumdai fundi ambaye hajawahi kuzungumza naye. Hata fundi akijinasua siku hiyo, habari zitakazosambaa mtaani ni kwamba pale watu hula kianzio. Kusafisha jina huchukua muda mrefu kuliko kutengeneza kitanda.

Mwananchi anayeiona picha yake kwenye ukurasa wa mtu asiyemjua asilipuuze jambo hilo kwa kudhani kwamba hakuna alichopungukiwa. Huenda kianzio cha mtu kimeshatumwa.

Je, picha ikiwekwa mtandaoni inakuwa mali ya wote?

Hapana. Dhana hiyo imeenea sana, nayo haina msingi katika sheria.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inazitaja kazi za picha miongoni mwa kazi zinazolindwa. Inazitaja pia kazi za sanaa tumizi, yaani vitu vya matumizi vilivyotiwa ubunifu, viwe vimetengenezwa kwa mkono au kiwandani. Ulinzi huo unaanza pale kazi inapotengenezwa. Hauhitaji stempu wala cheti, wala maneno ya kuonya yaandikwe chini ya picha. Mwenye kazi anaweza kuisajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la COSOTA, na usajili huo una faida kubwa pale panapotokea mzozo. Hata hivyo, cheti ni uthibitisho wa haki ambayo mtu alikuwa nayo tayari. Asiye na cheti asikubali kuambiwa kwamba hana haki.

Kuweka picha kwenye Facebook au Instagram kunaipa kampuni inayoendesha mtandao huo ruhusa ya kuihifadhi na kuionyesha. Ruhusa hiyo haimfikii kila mwenye simu. Jambo hili limekwisha kupimwa mahakamani huko Marekani. Januari 2010, baada ya tetemeko la ardhi kuipiga Haiti, mpigapicha Daniel Morel aliweka picha zake kwenye Twitter. Shirika la habari la AFP na kampuni ya Getty Images zikazisambaza bila ruhusa yake. Utetezi kwamba picha zilikuwa zimewekwa hadharani mtandaoni haukufua dafu, na Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama mjini New York liliamua alipwe dola zipatazo milioni 1.2.

Hapa nchini, shauri linalokumbukwa zaidi linahusu muziki, lakini msingi wake ni uleule. Wasanii Ambwene Yessayah, maarufu kama AY, na Hamis Mwinjuma, anayejulikana kama Mwana FA, waliishtaki kampuni ya simu iliyokuwa ikitoa huduma kwa jina la Tigo kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ridhaa yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Shauri lilianzia katika mahakama ya wilaya, ngazi ambayo hata mkazi wa Mpanda anaweza kuifikia. Mwana FA baadaye akawa Naibu Waziri katika wizara inayosimamia sanaa.

Kwa upande wa makosa ya jinai, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza, katika kifungu cha 24, kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za ubunifu zinazolindwa na sheria nyingine. Simu ya mkononi ni mfumo wa kompyuta kwa tafsiri ya sheria hiyo. Adhabu huwa kubwa zaidi iwapo ukiukaji ulifanywa kwa ajili ya biashara.

Mwenye picha ni nani hasa?

Swali hili huonekana jepesi hadi pale linapoulizwa na afisa mwenye kalamu mkononi. Kimsingi mwenye hakimiliki ya picha ni mtunzi wake, yaani aliyeipiga. Fundi aliyetengeneza kabati ana haki zake juu ya ubunifu wa kabati. Lakini kama picha ilipigwa na mpigapicha wa kulipwa, au na mteja aliyelipeleka kabati nyumbani kwake, haki ya picha ni jambo jingine.

Mpika keki ambaye keki zake zote hupigwa picha ukumbini na wapigapicha wa harusi anaweza kujikuta analalamikia picha ambazo si zake kisheria. Tiba ni ndogo na haina gharama: ujumbe wa maandishi. Mpigapicha akiandika hata kwa WhatsApp kwamba anamruhusu mpika keki kuzitumia picha zile katika biashara yake, na kwamba anaweza kuwazuia wengine kwa niaba yake, maandishi hayo yatasaidia mbele ya afisa yeyote. Ahadi ya mdomo husahaulika, hasa pale fedha inapoingia katikati. Vilevile, picha zikipigwa na kijana wa karakana aliyeajiriwa, mkataba wake utaje kwamba picha hizo ni mali ya karakana.

Hatua ya kwanza: ushahidi kabla ya maneno

Mwananchi akiiona picha ya kazi yake kwenye ukurasa mwingine, jambo la kwanza ni kunyamaza. Asiandike chochote chini ya picha hiyo wala asimpigie mhusika. Akishtuka, mhusika ataifuta picha ndani ya dakika moja, na akishaifuta hakuna kitu cha kumwonyesha mtu.

Katika ukimya huo apige picha za skrini. Ya kwanza ionyeshe picha yenyewe pamoja na jina la akaunti. Ya pili ionyeshe ukurasa mzima wa akaunti, namba ya simu iliyowekwa na mahali panapotajwa kuwa duka. Ya tatu ionyeshe maoni ya wateja, hasa wale wanaouliza bei na wanaojibiwa, kwa sababu hapo ndipo biashara inapothibitika. Saa na tarehe ya simu visikatwe. Kisha anakili kiungo cha chapisho, yaani ile anwani ndefu inayopatikana kwa kubonyeza sehemu ya kusambaza, na kukihifadhi kwenye ujumbe au barua pepe. Kiungo kina uzito kuliko jina la akaunti, kwa sababu jina hubadilishwa wakati wowote. Kama picha imewekwa kwenye stetasi ya WhatsApp, muda ni mfupi zaidi, kwani stetasi hutoweka yenyewe baada ya saa 24.

Ni vizuri pia mtu wa pili, jirani au mfanyakazi mwenza, aione picha hiyo kwenye simu yake mwenyewe na kupiga picha yake ya skrini. Shahidi wa namna hiyo hufunga mlango wa madai kwamba picha za skrini zilitengenezwa.

Upande wa pili wa ushahidi ni ule unaothibitisha kwamba kazi ni ya mlalamikaji, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Picha halisi iliyopigwa kwa kamera ya simu hubeba ndani yake tarehe, saa na aina ya simu iliyotumika. Picha hiyo ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na taarifa hizo huondolewa. Kwa hiyo fundi aliyefuta picha halisi ili kupunguza mzigo wa simu, akabaki na ile aliyoirusha mtandaoni, ana nakala ileile aliyonayo mwizi. Picha halisi zihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu, kompyuta au hifadhi ya mtandaoni ya barua pepe.

Kuna ushahidi mwingine ambao mwizi hawezi kuwa nao kwa namna yoyote. Fundi hupiga picha nyingi za kitu kimoja, na hurusha moja au mbili tu. Zilizobaki, zinazoonyesha kitanda kilekile kutoka pembe nyingine, au mbao kabla hazijapigwa randa, au gauni likiwa bado na pini, zinasema mengi kuliko kiapo. Stakabadhi ya mbao, daftari la oda na mazungumzo na mteja aliyeagiza kazi hiyo viwekwe pamoja nazo. Hata mteja mwenyewe, anayelala kwenye kitanda hicho, ni shahidi.

Anayetaka kujua kama picha zake zimesambaa mahali pengine anaweza kutumia Google Lens, ambayo huitafuta picha kwa kutumia picha. Haioni kila kitu, kwa mfano haiingii kwenye makundi ya WhatsApp wala makundi ya siri ya Facebook. Kwa kurasa zilizo wazi husaidia.

Kumwandikia mhusika

Iwapo inaonekana kwamba mhusika ni mfanyabiashara halisi, mwenye duka na jina linalofahamika, barua fupi ndiyo njia ya haraka. Mara nyingi picha iliwekwa na kijana aliyeajiriwa kusimamia ukurasa, na mwenye biashara hajui. Barua isiwe na matusi wala vitisho. Inaweza kuandikwa hivi:

“Ninaandika kuhusu picha ya kitanda cha mninga iliyowekwa kwenye ukurasa wenu tarehe fulani, ambayo kiungo chake nimekiambatisha. Kitanda hicho kimetengenezwa katika karakana yangu iliyopo Mpanda, na picha niliipiga mwenyewe tarehe fulani. Sikutoa ruhusa itumike katika biashara yenu. Ninaomba iondolewe ndani ya siku tatu, na mnijulishe kwa maandishi kama kuna oda zilizopokelewa kutokana na picha hiyo. Ikiwa mngependa kuitumia kwa makubaliano, niko tayari kuzungumza.”

Sentensi ya mwisho haipaswi kudharauliwa. Wapo mafundi waliogeuza wizi wa picha kuwa biashara: mwenye duka wa mjini akawa wakala, fundi akabaki na kazi na jina lake likatajwa. Si kila shauri linalostahili kwenda mbali.

Jambo linalopaswa kuepukwa ni kumtangaza mhusika kwenye makundi ya mtaa kwa kumwita mwizi au tapeli, pamoja na kusambaza sura na namba yake. Hasira hiyo inaeleweka, lakini ikigundulika kwamba mwenye akaunti si yule aliyedhaniwa, au kwamba picha aliipata kwa mtu mwingine, mlalamikaji anaweza kugeuka mlalamikiwa katika shauri la kashfa. Kilicho salama ni kutangaza habari zake mwenyewe: kwamba karakana yake inapokea oda kwa namba moja tu, aitaje, na kwamba mtu yeyote anayetumia picha za karakana hiyo kwa namba nyingine hahusiani nayo. Tangazo la namna hiyo linamlinda mteja na halimgusi mtu yeyote kwa jina.

Kuripoti kwa wenye mtandao

Facebook, Instagram na TikTok zina fomu maalumu za malalamiko ya hakimiliki, tofauti na kile kitufe cha kawaida cha kuripoti chapisho. Tofauti hii ina maana kubwa. Kitufe cha kawaida hupeleka lalamiko la jumla, na mara nyingi jibu huwa kwamba chapisho halijavunja kanuni. Fomu ya hakimiliki inapaswa kushughulikiwa kisheria, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu hakimiliki katika mitandao inazitaka kampuni hizo ziondoe kazi iliyolalamikiwa pale zinapopokea taarifa iliyokamilika, zisije zikabeba lawama zenyewe.

Taarifa iliyokamilika ina jina la mwenye haki, barua pepe, kiungo cha picha iliyoibwa, kiungo au maelezo ya picha halisi, na tamko kwamba maelezo hayo ni ya kweli. Mlalamikaji awe ni mwenye haki au mtu aliyeruhusiwa naye. Rafiki mwenye uchungu hawezi kuijaza kwa niaba yake bila ruhusa. Ieleweke pia kwamba jina na barua pepe ya mlalamikaji vinaweza kupelekwa kwa mlalamikiwa. Anayeona tabu juu ya hilo atumie barua pepe ya biashara badala ya ile ya binafsi. Mlalamikiwa naye ana nafasi ya kupinga, na akipinga suala hurudi kwa wahusika wenyewe na mahakama. Taarifa ya uongo ni kosa, hivyo fomu hizi zisitumike kumkomoa mshindani.

Kwa WhatsApp, akaunti huripotiwa ndani ya programu yenyewe kupitia ukurasa wa taarifa za akaunti. Tahadhari moja: kuripoti na kuzuia kwa wakati mmoja kunaweza kuyafuta mazungumzo yote kwenye simu ya anayeripoti. Picha za skrini zitangulie.

Ofisi za kufika, na kwa suala gani

Fedha ya mtu ikiwa imekwisha kuchukuliwa, suala si la picha tena bali ni la jinai, na mahali pake ni kituo cha polisi. Mnunuzi aliyetapeliwa na fundi mwenye picha wakienda pamoja, taarifa huwa na nguvu zaidi: mmoja anathibitisha kuibiwa fedha, mwingine anathibitisha kwamba bidhaa iliyotangazwa haikuwa ya mtangazaji. Waombe namba ya RB na kuitunza. Mnunuzi asiufute ujumbe wa muamala, kwani una jina lililosajiliwa na namba iliyopokea fedha. Apige simu mara moja kwa mtandao uliotumika kutuma fedha hizo, kwa sababu fedha ambayo bado haijatolewa inaweza kuzuiwa, na iliyokwisha kutolewa ni vigumu kuirudisha. Namba zinazotumika katika utapeli huripotiwa pia kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, utaratibu uliowekwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Kama hakuna fedha iliyopotea, lakini biashara inaendelea kutumia picha baada ya kuandikiwa, lalamiko hupelekwa COSOTA. Afisa utamaduni wa halmashauri ndiye wa kuulizwa kwanza kuhusu njia ya kuifikia ofisi hiyo bila kusafiri. Na pale biashara inapowadanganya wanunuzi kwa kuonyesha kazi isiyo yake, Tume ya Ushindani ina jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya matangazo ya kupotosha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Kama haijulikani mwenye biashara ni nani, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, hutunza kumbukumbu za majina ya biashara na kampuni, na afisa biashara wa halmashauri anaweza kueleza namna ya kutafuta humo.

Mahakama ni njia ya mwisho, kwa gharama na kwa muda. Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa huduma hiyo bila malipo, na afisa maendeleo ya jamii anaweza kumwelekeza mwananchi kwa wasaidizi wa kisheria. Hukumu ya mamilioni isiwe ndiyo tumaini la kwanza. Kwa mafundi wengi ushindi halisi ni picha kuondolewa na wateja kujua namba sahihi.

Ifahamike pia kwamba sheria hizi za hakimiliki ni za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, hivyo biashara iliyopo Unguja au Pemba hushughulikiwa huko.

Mtu anapokuwa ndani ya picha

Msusi na mpamba bibi harusi wana shida ya ziada, kwa kuwa kazi yao iko juu ya kichwa cha mtu mwingine. Picha ya misuko ikiibwa, aliyeibiwa ni msusi, lakini anayeonekana akitangaza saluni asiyoijua ni mteja. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inampa mtu huyo mahali pa kulalamika: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mteja na msusi wanaweza kulalamika kila mmoja kwa njia yake.

Majirani wetu wa Kenya wamekwisha kuliona hili likifika mbali. Kamishna wa ulinzi wa data wa nchi hiyo aliitoza kampuni ya simu ya Oppo faini ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa kutumia picha ya mtu kwenye Instagram bila ridhaa yake.

Sheria hiyohiyo inamtazama pia msusi mwenyewe. Kabla ya kumpiga picha mteja na kuirusha, aombe ridhaa, na kwa mtoto aombe kwa mzazi. Si mila ya siku hizi tu kuomba ruhusa. Hata wazee wetu hawakupenda kupigwa picha bila kuulizwa.

Picha za Uturuki kwenye kuta za Mpanda

Haitakuwa haki kuyaeleza haya yote kana kwamba wezi wa picha wako nje ya mkoa tu. Mtu akipita kwenye kurasa za biashara za mjini hapa ataona makochi yaliyopigwa picha kwenye nyumba zenye theluji dirishani, na keki za ghorofa tano kutoka nchi za mbali, chini yake pameandikwa “tunatengeneza, karibu”. Pengine kweli fundi anaweza kutengeneza kitu kinachofanana. Lakini picha ni ya mtu, na mteja anayeletewa kochi lisilofanana na lile aliloonyeshwa ana haki ya kulalamika. Kumwonyesha mteja picha ya nje ana kwa ana ili kuelewana juu ya mtindo ni jambo moja. Kuitangaza kama kazi ya mtu mwenyewe ni jambo jingine. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyofanya biashara kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vina sababu ya ziada ya kuwa waangalifu: jina la kikundi likiingia doa, wanachama wote hubeba deni. Picha tano za kazi halisi, hata zikiwa hazina mwanga mzuri, zinatosha kuanzia.

Kupunguza nafasi ya kuibiwa

Jina lililoandikwa pembeni mwa picha hukatwa kwa kidole. Lililoandikwa katikati, juu ya kitu chenyewe, kwa herufi zilizofifia kiasi, ni gumu kuondoa, ingawa programu za siku hizi zinazidi kuwa na ujanja. Njia iliyo imara kuliko zote ni ya zamani: kibao kidogo cha mbao au kadi yenye jina la karakana kiwekwe juu ya kitanda, kando ya keki au begani mwa gauni kabla picha haijapigwa. Picha zinazorushwa ziwe za ukubwa wa wastani, na zile kubwa zibaki nyumbani. Video fupi inayokizunguka kitu huku fundi akiongea ni ngumu zaidi kuibwa, kwani sauti na mikono ni vyake.

Mnunuzi naye ana njia ya kupima. Kabla ya kutuma kianzio amwombe muuzaji ampigie simu ya video akiwa karakanani, au amtumie picha mpya ya bidhaa ikiwa na karatasi yenye jina la mnunuzi na tarehe ya siku hiyo. Fundi wa kweli atafanya hivyo kwa dakika mbili. Mwenye picha ya wizi atasema fundi ametoka, umeme umekatika, au simu ina kamera mbovu. Wakati wa kutuma fedha, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri lisomwe na kulinganishwa na jina la muuzaji.

Anayetaka msaada katika ofisi za kata au halmashauri afike na kitambulisho, simu iliyopiga picha halisi, picha za skrini zilizochapishwa au kuhifadhiwa, viungo vilivyoandikwa kwenye karatasi, nakala ya barua aliyomwandikia mhusika kama ipo, na namba ya RB endapo amekwisha kufika polisi. Akiwa na mteja aliyeagiza kazi ile, aje naye.